Kiti Kimoja Chenye Vigurudumu

Asubuhi ya usaili, fundi wa hospitali alipanda hadi ghorofa ya juu na spana, kitambaa na kichupa cha mafuta ya cherehani. Chumba cha usaili kilikuwa na meza ndefu upande wa dirishani, na nyuma yake viti vitatu: cha Mwenyekiti, cha Katibu na cha Mjumbe. Fundi alipiga magoti akakaza nati zilizofunga miguu ya viti hivyo sakafuni, kisha akavisukuma kwa bega kuhakikisha havisogei. Akaendea kiti cha nne, kilichokuwa peke yake katikati ya chumba kikiitazama meza. Hicho kilikuwa na vigurudumu. Alivitia mafuta, akakigusa kwa kidole kimoja, na kiti kikaenda chenyewe hadi mlangoni bila kupiga kelele. Fundi akaridhika, akakirudisha mahali pake.

Nje kwenye korido, askari wa mlangoni alikuwa akisimamisha godoro la wodini kwenye ukuta unaokabili mlango. Ghorofa ya chini, katika wodi ya wazazi, wauguzi walikuwa wakitia matofali kwenye magurudumu ya vitanda. Ndivyo ilivyofanywa kila siku ya usaili, na hakuna aliyehitaji kukumbushwa.

Usaili ulifanywa kwa Kiingereza, na katika mji ule Kiingereza kilikuwa na uzito. Maneno mafupi hayakuleta shida, kila mtu aliyasema alivyotaka. Lakini neno refu la Kiingereza lina silabi moja inayobeba mzigo wa wenzake, na msemaji akiukosa mkazo wake, sakafu huinama. Akikanyaga mapema mno, inainamia mbele. Akichelewa, inainamia nyuma, na katika chumba kile nyuma ndiko kulikokuwa na mlango. Sasa watu wa hapo wote walikuwa wamenyonya Kiswahili, na Kiswahili hukanyaga silabi ya pili kutoka mwisho bila kumuuliza mtu. Kwa hiyo walichelewa karibu kila mara, na sakafu iliinamia mlangoni karibu kila mara, na kiti kile cha katikati kilikuwa kinaijua njia.

Aliyekuwa na zamu asubuhi hiyo alikuwa mkunga wa wodi ya wazazi. Mjini hapo wakunga walikuwa wengi, lakini mtu akisema Mkunga tu, watu walijua ni yeye. Alikuwa amewapokea mapacha wa fundi, wajukuu wa askari na nusu ya watoto wa shule ya msingi. Tangu mkuu wa wodi astaafu, kazi yote ya mkuu wa wodi aliifanya yeye. Alipanga zamu, alifundisha wauguzi wapya, alikemea waume waliotaka kuvutia sigara dirishani. Alikosa kitu kimoja tu, nacho ni funguo.

Kabati la wodi lilikuwa na glavu, pamba, nyuzi na dawa ya kuzuia damu, na kwa mujibu wa utaratibu funguo zake hukaa na mkuu wa wodi. Mkuu wa wodi hayupo, kwa hiyo zilikaa na Katibu. Katibu alizivaa kiunoni, akaenda nazo kila alikokwenda, hata harusini. Jumapili moja mama mmoja alijifungua akaanza kutoka damu isiyokatika, na Katibu akatafutwa mji mzima hadi akapatikana uwanja wa mpira akishangilia. Mama yule alipona, lakini ni kwa kudra tu. Mkunga alimkandamiza kwa mikono yake miwili muda wote huo, na baadaye akaenda nyuma ya chumba cha kufulia, akalia kwa hasira hadi kwikwi zikamshika. Hakuwa na haja ya cheo. Cheo angekipika akile? Alitaka zile funguo.

Alikuwa ameshasailiwa mara moja, akaishia godoroni. Hii ilikuwa mara ya pili. Aliketi kwenye kiti cha katikati, akabana miguu yake sakafuni, akaamkia. Mwenyekiti alirekebisha miwani. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sura, aliyependa maneno marefu kama watu wengine wanavyopenda nyama. Akafungua kinywa, akauliza habari za uzoefu wa msailiwa katika huduma ya dharura kwenye wodi ya wazazi. Lilikuwa swali zuri. Mkunga alikuwa na jibu lake. Lakini sakafu ilikuwa imekwisha kuinama, kiti kikaondoka kinyumenyume, miimo ya mlango ikampita kushoto na kulia, na mgongo wake ukazama godoroni.

"Kuteleza si kuanguka, Bi Mkunga," alisema askari, akimpa mkono ainuke. Maneno hayo alimwambia kila mtu.

Ndani, sakafu ilirudi polepole. Katibu aliandika kwamba msailiwa ameondoka kabla ya kujibu. Mwenyekiti alitikisa kichwa kwa masikitiko. Alisema watu wa siku hizi hawana subira, akaagiza nafasi itangazwe tena.

*

"Kosa ni langu," Mkunga alimwambia wifi yake jioni ile. "Ulimi wangu mzito."

Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa mwalimu wa Kiingereza wa shule ya msingi. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti ya kuamsha darasa zima, na tangu siku ya harusi ya kaka yake hakuwahi kumwambia Mkunga neno la kumsifu bila kulitia pilipili.

"Mzito ndiyo," alijibu. "Wewe wifi Kiingereza hukisemi, unakitwanga. Lete beseni."

Likaletwa beseni la kuogeshea watoto. Wifi aliliweka katikati ya meza ya kulia, akalijaza maji hadi karibu na ukingo. Nyumba ilikuwa ya chini, imekaa juu ya udongo mgumu, na neno moja halikuweza kuitikisa kama lilivyotikisa ghorofa. Ila maji hayadanganyi. Wifi alimwambia aseme neno la mahali anapofanyia kazi.

"Ma-ter-NI-ty," alisema Mkunga.

Maji yalipanda upande wa mlangoni, yakamwagika mezani, yakamlowesha mumewe aliyekuwa amekaa upande huo akila.

"Maji yakimwagika hayazoleki," alisema mumewe, akahamisha sahani yake upande wa pili.

Wifi alimfundisha kwanza kuligawa neno. Alimwambia aweke kiganja chini ya kidevu, aseme neno polepole, na kila kidevu kinapogusa kiganja hapo kuna silabi. Ma, ter, ni, ty. Mkunga alijifunza kugawa upesi, kwa maana mikono yake ilizoea kazi. Alipika huku kiganja kiko kidevuni. Alitembea sokoni huku kiganja kiko kidevuni, na wauza nyanya wakadhani anaumwa jino, wakampa pole. Baada ya muda hakukuwa na neno, hata liwe refu kiasi gani, ambalo hakuweza kulikata vipande vyake na kuvipanga.

Mkazo ndio uliomshinda. Wifi alimpa kanuni, na kila kanuni ilikuja na ndugu zake wanaoivunja. Maneno yanayoishia na -tion yalikuwa marafiki. Hayo mkazo wake uko pale pale Kiswahili kinapoupenda, ad-mi-nis-TRA-tion, com-mu-ni-CA-tion, na maji yalitulia tuli mtu akiyasema hata usingizini. Lakini yale mengine yalikuwa kila moja na tabia yake. Meza ilianza kuvimba kwa kuloa. Mumewe akawa anakula akiwa amesimama.

"Sikia wifi," Mkunga alisema siku moja, ametupa kitambaa cha kufutia. "Mimi kanuni hazinikai. Niambie tu, lina kichwa?"

"Nini lina kichwa?"

"Neno."

Wifi alifikiri. "Lina kichwa," alikubali. "Moja tu."

Basi Mkunga akaenda kunawa mikono hadi kwenye viwiko, kama afanyavyo wodini, akarudi akakaa. Alilisema neno taratibu bila kulitia mkazo wowote, e, mer, gen, cy, likakaa juu ya meza mbele ya beseni. Akaliwekea mikono. Alianza na pembeni, akapapasa kuelekea katikati, akasukuma kidogo upande huu, akasikiliza upande ule. Kwa miaka yote ya kazi yake alikuwa akitafuta kichwa cha mtoto tumboni namna hiyo. Alijua kwamba sehemu ngumu si lazima iwe kichwa, na kwamba mtoto anayejitokeza sana mara nyingi anakuonyesha makalio. Silabi ya tatu ilijitokeza. Aliibonyeza, ikabonyea. Makalio. Akarudi nyuma hadi ya pili, na hapo vidole vyake vikagusa kitu cha mviringo, kigumu, kinachocheza kati ya viganja.

"Hiki hapa," alisema. "E-MER-gen-cy."

Maji hayakusogea. Mumewe, ambaye kwa tahadhari alikuwa ameinua sahani juu, aliishusha.

Kuanzia hapo kazi ikawa tamu. Aliyakuta maneno yaliyotanguliza kichwa kabisa, kama HAE-mor-rhage, lile la kutoka damu, ambalo linamjia mtu kwa haraka na halimpi nafasi ya kujiandaa. Aliyakuta yaliyolala mshazari. Aliwaeleza wauguzi wenzake wodini, wakati wa chai, kwamba Kiswahili ni mama anayejifungua salama, kila mtoto amekaa vizuri mahali pale pale, mkunga hata akisinzia mtoto anatoka. Kiingereza ni mama wa kupimwa kila mimba upya. Wauguzi walisema ni kweli, na mmoja wao akaomba aonyeshwe ilivyo de-LI-ve-ry, kwa sababu binti yake alikuwa anakaribia mtihani.

*

Ilipokaribia siku ya usaili wa tatu, wifi alisema sasa ampime kwa sauti ya Mwenyekiti, ili asije akababaika. Aliijua sauti hiyo. Mwenyekiti ndiye aliyekuwa mgeni rasmi wa mahafali ya shule yake, na hotuba yake ilipofika katikati wazazi wote waliokaa kwenye viti vya plastiki walikuwa wameshuka hadi nje ya geti. Wifi alivuta kidevu chake ndani, akatanguliza tumbo ambalo hakuwa nalo, akauliza juu ya ex-pe-RI-ence ya msailiwa katika e-mer-GEN-cy za ma-ter-NI-ty.

Beseni lote liliinuka upande mmoja, likamwaga maji yake yote kwenye mapaja ya Mkunga.

Mkunga alikaa akiyatazama maji yakidondoka kutoka kwenye gauni lake. Hakuwa amesema kitu. Alikumbuka usaili wa kwanza, akakumbuka na wa pili. Mara zote mbili alikuwa ameamkia kwa Kiswahili, kisha akanyamaza kusikiliza swali.

"Wifi," alisema, "mimi mle ndani sijawahi kufungua mdomo."

"Hujawahi."

"Sikuteleza. Nilitelezeshwa."

"Nyani haoni kundule," alisema wifi yake, akiokota beseni. "Hasa nyani aliyefungwa nati."

Mumewe aliyekuwa amesimama na sahani yake mlangoni aliuliza basi wale waliowahi kupita walipitaje, kwa mfano mkuu wa chumba cha kufulia, au yule kijana wa stoo. Wifi alimjibu kwamba wale ni jamaa za Mwenyekiti. Wale huulizwa kwa Kiswahili: hujambo mwanangu, mama hajambo, karibu kazini.

Hasira iliyompata Mkunga ilikuwa ile ile ya nyuma ya chumba cha kufulia, lakini safari hii hakulia. Alisema ataandika malalamiko. Wifi alimuuliza atamwandikia nani, akamjibu Mwenyekiti, hilo likaishia hapo. Akasema basi atamwomba fundi afungue zile nati. Mumewe alisema fundi anakula mshahara na ana mapacha. Akasema basi atajifunga kwenye kiti na kukifunga kiti kwenye mguu wa meza, na hapo wifi yake akacheka hadi akakohoa.

"Umezalisha wangapi walioshindwa kusukuma wenyewe?" aliuliza alipopata pumzi.

"Hawahesabiki."

"Uliwaacha?"

Mkunga alichukua beseni mikononi mwa wifi yake, akaenda kulijaza upya. Wakaanza tena. Wifi alilisema neno vibaya, kwa tumbo na kidevu cha Mwenyekiti, na Mkunga alilipokea kabla maji hayajafika ukingoni, akalirudisha limekaa sawa. Mwanzoni alichelewa na nguo zake zilianikwa kila asubuhi. Baadaye maji yalifika ukingoni tu, yakasita, yakarudi. Usiku wa kuamkia usaili mumewe alivuta kiti, akakaa upande wa mlangoni, akala chakula chake chote hapo hapo mezani akiwa mkavu.

*

Siku ya usaili fundi alikaza nati, akatia mafuta. Askari akasimamisha godoro. Wauguzi wakatia matofali, ila muuguzi yule mwenye binti wa mtihani aliacha kitanda kimoja bila tofali, akasema anataka kuona.

Mkunga alivaa sare yake ya kazi iliyopigwa pasi, na mikono alikuwa ameiosha hadi viwikoni. Aliketi, akaamkia. Hakubana miguu sakafuni. Aliiweka pamoja kama mtu aliyealikwa chai.

Mwenyekiti alirekebisha miwani, akauliza habari za ex-pe-RI-ence yake. Sakafu ikaanza kuinama na kiti kikaanza safari.

"Ex-PE-ri-ence yangu, Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema Mkunga, kwa sauti ile ya kumtuliza mzazi wa mara ya kwanza, na sakafu ikasimama ilipofika. Kiti kikasimama nayo. Kisha sakafu ikarudi, na kiti kikarudi hadi katikati ya chumba, naye akaeleza uzoefu wake wote tangu alipokuwa mwanafunzi.

Jopo lilisikiliza. Mjumbe, ambaye kwa kawaida husinzia hadi jina linalofuata, aliamka, kwa sababu hakuwahi kusikia usaili unaofika hapo.

Mwenyekiti akaleta e-mer-GEN-cy. Mkunga akaipokea. Akaleta de-ve-LOP-ment ya wodi, na ilipofika karibu na mlango Mkunga akaigeuza, de-VE-lop-ment, ikatoka salama. Katibu naye, aliyeona mambo yanakwenda vizuri, akatamani kuuliza la kwake, akasema ni ne-ces-SA-ry msailiwa aeleze jinsi ya kutunza funguo. Chumba kilikwenda mrama kweli hapo, kwa sababu Katibu alisema kwa nguvu ya mtu asiyepewa nafasi mara nyingi. Kiti kiligonga kizingiti cha mlango. Mkunga alishika mwimo wa mlango kwa kidole kimoja tu, akajibu kwamba ni NE-ces-sa-ry sana, na kwamba funguo zitunzwe pale penye damu. Sakafu ilimrudisha haraka hadi magoti yake yakakaribia meza. Mwenyekiti akampongeza kwa kuonyesha ari.

Maswali yakazidi. Kila Mwenyekiti alivyoona msailiwa bado yupo, ndivyo alivyofurahi, na kila alivyofurahi ndivyo maneno yake yalivyorefuka. Hakuwahi kupata mtu wa kumsikiliza hadi mwisho. Mkunga alienda na kurudi, akaenda na kurudi, na kila aliporudi alikuja na jibu kamili. Aliona raha ambayo hakuitarajia. Ilikuwa raha ya wodi iliyojaa usiku wa mvua, wanawake wote wameiva kwa pamoja, na mikono yake inajua pa kwenda kabla yeye mwenyewe hajajua.

Kisha Mwenyekiti akaegemea nyuma, akaunganisha vidole juu ya tumbo, akasema swali la mwisho ni juu ya siri za wagonjwa. Akavuta pumzi.

"Con-fi-den-ti-a-LI-ty," alisema, taratibu, akiionja silabi moja moja, na ile ya pili kutoka mwisho akaikanyaga kwa uzito wake wote.

Sakafu haikuinama, iliporomoka. Kalamu ziliruka mezani, bilauri ya Katibu ikapita hewani, Mjumbe akashikilia kiti chake kilichofungwa. Mkunga alitoka mlangoni kama mzigo uliotupwa. Godoro lilimpokea, lakini jengo zima lilikuwa limekwisha kulalia upande huo, na godoro likaanza kuteleza ukutani pamoja naye kuelekea ngazini. Askari alilishika kwa mikono miwili akateleza nalo.

"Kuteleza si kua..." alianza askari.

"Subiri, baba," alisema Mkunga.

Alikuwa amelikosa. Neno hilo hakuwahi kulipima mezani. Aliweka kiganja chini ya kidevu, pale pale juu ya kiti kilichokuwa kikienda ngazini, akaligawa: con, fi, den, ti, al, i, ty. Akalipapasa. Mwanzoni palikuwa na kitu kigumu, con, akakibonyeza, kikabonyea. Katikati, den, palijitokeza, na mtu mwenye haraka angedhani ndipo. Akabonyeza, pakabonyea. Gurudumu la kwanza lilikuwa limeshuka ngazi ya juu. Mikono yake ikasogea mbele, na kwenye silabi ya tatu kutoka mwisho ikakuta kile cha mviringo, kigumu, kinachocheza.

"Con-fi-den-ti-AL-i-ty," alisema Mkunga.

Hakupaza sauti sana, lakini lilisikika hadi jikoni. Jengo likasimama wima. Lilisimama wima kuliko lilivyowahi kusimama tangu lijengwe. Milango iliyokuwa imegoma kufungwa miaka yote ilijifunga yenyewe, mmoja baada ya mwingine, korido nzima. Bomba la bafu la wanaume likaacha kuvuja. Wodini, kitanda kile kisicho na tofali kilichokuwa kimefika mlangoni kilirudi mahali pake na mgonjwa akiwa juu yake, na mtoto wa mgonjwa huyo hakuamka. Kiti kilipanda ngazi moja, kikapita korido, kikapita mlangoni, kikasimama mbele ya meza hasa.

"Ni jambo ambalo nimelilinda miaka yote ya kazi yangu," Mkunga alimaliza jibu, "na nitaendelea kulilinda."

Katika chumba kile hakukuwa na mtu aliyewahi kumaliza usaili wa Kiingereza, kwa hiyo jopo halikujua kinachofuata. Walitazamana. Katibu alisema, kwa kunong'ona, kwamba huyu ndiye msailiwa pekee aliyebaki. Mwenyekiti alitafakari hilo, akaona ni sifa inayotosha. Akafungua droo, akatafuta, akakumbuka, akamnyooshea Katibu mkono. Katibu alifungua mkanda wake, akazitoa funguo kwa shida, zimeacha alama kiunoni.

"Na fundi apongezwe," alisema Mwenyekiti, akigonga sakafu kwa kiatu. "Leo viti vimetulia sana."

Mkunga alishuka ngazi na funguo mkononi. Hakukimbia, ila alitamani. Wauguzi walikuwa wamejipanga kwenye mlango wa wodi. Alipita katikati yao, akaingiza ufunguo kwenye kabati, akaugeuza, na mlango wa kabati ukafunguka. Glavu zilikuwepo. Pamba ilikuwepo. Dawa ilikuwepo, chupa zake zimejipanga kama watoto wa shule. Hapo ndipo alipolia, mbele za watu, na hakujali. Mchana ule ule alipokea mtoto wa kike kwa glavu mpya, na jioni nyumbani mumewe alimpikia, wifi yake akamwambia kwamba kwa mtu mwenye ulimi mzito hivyo, amejitahidi.

*

Siku chache baadaye fundi alikuja wodini na spana na nati nne. Alisema kuna kiti kipya cha mkuu wa wodi na ameagizwa kukifunga sakafuni, kwa kuwa wakuu wote hufungiwa viti vyao. Mkunga alimwambia hakihitaji kufungwa, yeye hakai. Fundi alisema anajua, na kwamba mapacha wanamsalimia, lakini agizo ni agizo. Akapiga magoti akakifunga. Mkunga alikitazama kilivyosimama imara, akaenda kuleta beseni la kuogeshea watoto, akalijaza maji, akaliweka juu yake. Hakukikalia siku hata moja.

Ghorofa ya juu hakuna kilichobadilika. Nafasi ya mkuu wa jiko ilipotangazwa, askari alisimamisha godoro, na fundi akatia mafuta vigurudumu vya kile kiti kimoja. Mpishi mmoja, mwanamke aliyelisha hospitali nzima kwa sufuria mbili mbovu kwa sababu ufunguo wa stoo ya jiko alikuwa nao Katibu, alipita wodini kabla ya kupanda. Jioni zote za wiki iliyopita alikuwa amekaa mbele ya beseni lile. Mkunga alimwekea kiganja chini ya kidevu.

"Kumbuka, wakikosea wao, unateleza wewe," alimwambia. "Pokea mapema."

Mpishi akapanda. Mkunga akavaa glavu, akarudi kwa mzazi aliyekuwa kitanda cha mwisho, mimba ya kwanza, ameng'ata shuka. Matofali yalikuwa yamewekwa. Wauguzi wakaendelea na kazi zao, lakini kila mmoja alikuwa na jicho moja kwenye beseni.

Maji yalitulia kwanza. Halafu yakaanza kupanda upande wa mlangoni, taratibu, yakafika ukingoni, yakavimba juu ya ukingo bila kumwagika. Hata mzazi aliachia shuka, akiyatazama. Maji yalisimama hapo muda ambao mtu angeweza kugawa neno na kulipapasa lote, pembeni hadi katikati.

Kisha yakashuka, yakatulia tuli.

"Amekipata kichwa," alisema Mkunga. Akamgeukia mzazi wake, akaweka mkono pale panapostahili. "Haya mwanangu. Na wewe sasa, sukuma."